Chungu Kilichoinamia Jikoni kwa Shangazi

Ko. Ko. Ko.

Nilidhani ni ndoto. Ikaja tena, chuma juu ya mti, karibu mno, kama mtu anayepigilia kigingi kwenye mto wangu.

Ko. Ko.

Kisha nikasikia sauti ya shangazi yangu, tulivu kama kawaida yake: "Fundi, hicho kigingi mbona kinaelekea kwenye maharage yangu?"

Nikatoka mbio, shati mkononi.

Jikoni kwa shangazi kulikuwa kumefungwa kamba nyeupe kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga, na kutoka kwenye mafiga hadi ukutani, zimenyooka kama mistari ya daftari. Shangazi alikuwa ameinama chini ya kamba hizo, sufuria mkononi, akitafuta njia ya kufika kwenye moto wake mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Inama, baba, usikate kamba za wenyewe."

Aliyekuwa na nyundo ni jamaa tunayemwita Kamba. Kazi yake kwenye uchimbaji ni kupigilia vigingi na kunyoosha kamba, na ulimi wake haujawahi kunyooka hata siku moja.

"Malenga umeamka," alisema. "Hongera. Leo tumefika mpaka kwenu. Na wewe mama, kuanzia sasa hakuna kufagia humu. Kila kitu kikae kilipokutwa. Sheria ya Daktari hiyo."

"Hata hili ganda la kitunguu?"

"Hata hilo."

"Hilo ni la jana, mwanangu."

"Kesho litakuwa la juzi. Mambo ya kale huanza hivyohivyo."

Shangazi akacheka. Mimi sikucheka. Mimi peke yangu duniani nilijua kwa nini kamba zile zimefika jikoni, na sababu yenyewe ilikuwa imevaa suruali yangu.

Msomaji, kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nakurudisha nyuma kidogo.

Nilifukuzwa kwa kinyozi kwa kumsomea mteja beti huku wembe uko shingoni mwake. Nikafukuzwa na ghalani, kwa kumjibu bosi kwa vina mbele ya wapakiaji. Nikawa nimekaa tu kwa shangazi, dada wa marehemu baba, nikila maharage yake na kumweleza kwamba dunia haijawa tayari kwa mtu kama mimi. Ndipo watu wa mambo ya kale wakaja kuchimba kiwanja kilichoko nyuma ya jiko lake, wakitafuta makao ya watu wa zamani, na wakatangaza wanataka watu wa kujitolea.

Mkuu wao ni mama mmoja mkavu mwenye miwani, tunayemwita Daktari ingawa hata mafua hatibu. Aliniuliza: "Una uzoefu?"

"Nimewahi kuchimba choo."

"Hujakosea sana," alisema, akanipa mwiko wa mwashi, burashi, na shimo langu la mraba.

Wiki iliyopita niliishia pale mdomo wa chungu ulipochomoza kwenye shimo hilo. Leo nasema nilichofanya.

Sheria ya Daktari ni moja. Ukiona kitu, usikiguse. Ita. Kipigwe picha, kichorwe, kipimwe, ndipo kitolewe. Sheria nyepesi, hata mbuzi angeishika. Lakini mimi nilishaita mara moja. Niliwaita wote, Daktari akaja na kamera, wachimbaji wakazunguka shimo, na mimi nikaonyesha mfupa wangu kwa mbwembwe zote. Kamba akauokota, akaunusa.

"Huu ni wa kuku," alisema. "Enzi za jana mchana. Mpishi ni shangazi yake."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu hapo nikaapa kwamba mimi, niliyejifunza mizani na vina bila mwalimu, sitachekwa tena na watu wanaochekecha mchanga. Nikiona kitu, kwanza nitahakikisha.

Basi siku moja kabla ya kamba kufika jikoni, nilipoona mdomo wa chungu, nikahakikisha. Nikakishika, nikakitikisa, nikakivuta. Kikatoka kizima kama jino la mtoto. Cheusi, cha duara, hakina hata ufa. Nilikikumbatia kama mwanangu.

Kisha nikasikia viatu vya Daktari juu ya kokoto.

Ndugu zangu, hofu haina elimu. Nikakirudisha kwenye tundu lake kwa haraka, na haraka ile ikakirudisha mdomo chini, kitako juu. Kikayumba. Nikakiegemeza jiwe. Nikamwaga maji yangu ya kunywa juu ya udongo, nikaupapasa, nikaupiga burashi. Daktari alipofika ukingoni alinikuta nimesimama, nimekunja mikono kama mwenye shamba.

Alishuka. Akapiga magoti. Akakichungulia chungu pande zote, nami nikaanza kutafuta maneno ya kumwaga.

"Kimepinduliwa," alisema.

"Eti?"

"Mdomo uko chini. Na wamekiegemeza jiwe." Akavua miwani, akaifuta. "Hakuna mtu anayepindua chungu na kukiegemeza jiwe bila sababu."

Sababu ilikuwepo. Ilikuwa mbele yake, imekunja mikono.

"Na tazama kinakoinamia."

Sote wawili tukatazama. Kilikuwa kimeinamia jikoni kwa shangazi.

Daktari ana wazo lake la siku nyingi, kwamba chungu cha namna hiyo ni alama ya mlango, na ng'ambo ya mlango wamezikwa wakubwa wa zamani. Kwa hiyo wakubwa wamelala chini ya mafiga ya shangazi. Kesho yake ya siku hiyo ya kamba, asubuhi, wakubwa wa siku hizi, wanaomsimamia yeye, wangekuja kushuhudia chungu kikiinuliwa. Wakiridhika, jiko linavunjwa mchana wake, kiwanja kinazungushiwa waya, na shangazi anahamishiwa nyuma ya ghala, mahali ambapo hapiti hata mbwa mwenye haraka.

Na jiko lile si kibanda tu. Hapo ndipo shangazi anapopikia madereva, mafundi, na hao hao wachimbaji. Hapo ndipo nilipoachwa nikiwa sijui hata kufunga vifungo vya shati, naye akanilea kwa kijiko na kwa mwiko, kijiko cha kunilisha, mwiko wa kunirudi. Likiondoka jiko, shangazi anabaki na mikono mitupu.

Sasa turudi kwenye kamba.

Kamba alipotoka nje kutafuta kigingi kingine, nikainama, nikamfuata shangazi mpaka motoni.

"Shangazi, hivi umekubali?"

"Nimekubali."

"Hujakataa hata kidogo?"

"Kwa nini nikatae?" Alikuwa anakoroga, hanitazami. "Daktari amenieleza. Mambo yakithibitika, anakuajiri. Na anakupeleka ukasomee kazi hii. Mimi nimemwambia, vunjeni. Jiko ni udongo na moshi, baba. Nitapika hata chini ya mwavuli."

"Mvua ikinyesha?"

"Nitaongeza mchuzi."

Shangazi akageuka sasa, akanishika kidevu kwa vidole vyenye masizi.

"Umeanza mangapi ukayaacha? Hili limekupenda. Usiliache."

Nikatoka na alama nyeusi kidevuni, nimeshaamua. Naenda kwa Daktari. Nasema yote. Mwanamume ni kauli.

Nilimkuta kwenye meza yake chini ya turubai, anachora shimo langu. Nikakohoa.

"Daktari, nina neno."

"Kaa. Na mimi ninalo, na mimi ni mkubwa kwako, kwa hiyo langu kwanza."

Hapo ndipo kauli ilipoanza kulegea.

"Unajua wenzangu wananiitaje kule ofisini?" alisema. "Mama Mashimo. Nimechimba nchi nzima, nimetoa vigae vya kujaza gunia, hakuna hata kimoja kilichosema kitu. Mwaka huu waliniambia ni wa mwisho. Halafu anakuja kijana ambaye uzoefu wake ni choo, anafanya kwa mkono wa taratibu, hagusi, hatikisi, anafagia tu kwa burashi. Nimewaandikia wageni habari zako."

"Habari zangu?"

"Kwamba chungu kilikutwa na mtu asiyejua chochote. Ndiyo maana hakukiharibu."

Nikasogeza mikono yangu chini ya meza.

"Na wanasema wewe ni mshairi," aliendelea. "Kesho kabla ya kukiinua, nataka uwasomee kitu. Unacho?"

Sikiliza, msomaji, nilikuja kuungama. Lakini mtu akimuuliza mshairi kama ana shairi, ni kama kumuuliza jogoo kama ana sauti. Mdomo ulifunguka wenyewe:

*Chungu kilichofichika, leo nimekifukua,*
*Wazee walikizika, siri wakaichukua,*
*Mwiko wangu ukafika, pazia ukafunua,*
*Kwa nini kilipinduka, ni nani anayejua?*

Vina vilikaa. Mizani ilitimia. Nikajichukia na kujivunia kwa pumzi moja.

Daktari alikuwa ameweka penseli chini. "Huo mstari wa mwisho," alisema polepole. "Huo ndio kazi yetu yote. Uandike hapa, niwape."

Nikapeleka mkono sikioni kuchukua kalamu.

Sikio lilikuwa tupu.

Kalamu yangu kila mtu anaijua. Ya bluu, nimeizungushia uzi mwekundu, inakaa nyuma ya sikio la kulia usiku na mchana, mpaka Kamba husema nilizaliwa nayo. Nikapapasa sikio la kushoto. Nikapapasa mifuko.

"Malenga," Kamba alisema, akipita na vigingi vyake, "leo sikio limetoka uchi? Tangu jana sijaiona ile pembe yako."

Tangu jana.

Jana nilipoinama kukirudisha chungu, kitu kilinipapasa shavu. Na chungu kilipokaa chini, nilisikia mlio mdogo. Tik. Nikadhani ni kokoto.

Haikuwa kokoto. Kalamu yangu, bluu, uzi mwekundu, ilikuwa imelala chini ya chungu cha wazee. Na kesho, mbele ya wageni na kamera, baada ya shairi langu, chungu kingeinuliwa.

"Mbona umekauka?" Daktari aliuliza.

"Natafuta kina," nilisema.

Sasa ile hamu ya kuungama ilikwenda wapi, usiniulize. Akili yote ilihamia kwenye kalamu. Nikiitoa, nani atajua? Wageni watapiga makofi, Daktari hataitwa tena Mama Mashimo, mimi nitapata kazi. Kuhusu jiko, nikajiambia nitalifikiria nikishatulia. Mtu anayezama haulizi mtumbwi ni wa nani.

Mchana ulipofika, wachimbaji wote wakaenda mbele kula. Niliwasikia wakiinama chini ya kamba jikoni, wakigombana nani amekanyaga mraba gani. Daktari akaniambia, "Wewe kaa na chungu chako. Usiruhusu hata kuku asogee."

Amri tamu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Nikashuka shimoni. Nikalala kifudifudi. Lile jiwe langu lilikuwa limeacha upenyo mdogo kwenye ukingo wa chungu, wa kupitisha vidole viwili. Nikavipitisha. Udongo. Kokoto. Udongo. Kisha kitu laini, cha duara, chenye uzi.

Nikaivuta kidogokidogo, ulimi nje, jasho likinidondokea puani. Ikatoka. Nikaibusu, na udongo wake.

"Unatafuta nini, baba?"

Shangazi alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, sahani yangu ya chakula mkononi, kivuli chake kimenifunika mimi na chungu.

Nikasimama. Nikaficha kalamu nyuma. Nikavuta pumzi.

"Shangazi yangu mlezi, jua langu la asubuhi..."

"Nyamaza. Tangu ukiwa mdogo, ukianza kunisifia kwa vina najua kuna kitu kimevunjika. Nionyeshe mkono."

Nikauonyesha.

Aliitazama kalamu. Akakitazama chungu. Akaangalia ule upenyo, na vidole vyangu vilivyojaa udongo mpaka kwenye kucha.

"Imefikaje huko chini, na chungu mnasema kina miaka isiyohesabika?"

Hakukuwa na pa kupita. Nikasema kwa maneno ya kawaida, na yalikuwa mazito kuliko beti zote nilizowahi kutunga.

"Nilikitoa. Halafu nikakirudisha vibaya, kichwa chini. Jiwe nililiweka mimi. Hakuna mlango, shangazi. Kimeinamia jikoni kwako kwa sababu nilikuwa na haraka."

Alikaa kwenye rundo la udongo uliochimbwa. Akaweka sahani mapajani. Akaanza kula chakula changu.

Akamega tonge la pili, akalichovya.

"Kwa hiyo jiko langu linavunjwa kwa ajili ya hilo."

"Ndiyo."

"Na hiyo kalamu ikishatoka, hakuna atakayejua."

"Hakuna."

"Utaajiriwa."

"Nitaajiriwa, shangazi."

"Utasomeshwa."

"Ndiyo. Na nikirudi nitakujengea jiko la matofali. Lenye bomba la moshi." Nilianza kuona mwanga. "Kubwa, mpaka wachimbaji wote waingie na vigingi vyao."

Akatafuna. Akameza. Akajifuta mdomo kwa kona ya kanga.

"Rudisha."

"Nini?"

"Kalamu. Irudishe ulikoitoa."

"Shangazi, wakiinua chungu wataiona."

"Najua. Si ndiyo sheria yenu, kitu kikae kilipokutwa? Mimi nimekatazwa kufagia ganda la kitunguu jikoni kwangu mwenyewe, halafu wewe uje ufagie kalamu?"

"Lakini nitasema. Kesho nitasimama niseme yote. Kalamu ya nini tena?"

"Kwa sababu nakujua. Kesho utasimama, utaona kamera, utaona miwani ya Daktari inang'aa, utaanza kusalimu wageni kwa beti, na beti zikiisha utakuwa umeshapigiwa makofi. Kalamu ikiwa chini, huna pa kukimbilia. Ama useme wewe, ama iseme yenyewe." Akaninyooshea kidole chenye mchuzi. "Jiko nilikuwa nimekupa. Nilikupa kwa moyo mweupe, kwa kazi ya kweli. Kwa hii sikupi hata figa."

Msomaji, mimi si mtu wa kuinama. Hata kazi zile mbili nilifukuzwa kwa kukataa kuinama. Lakini nililala tena kifudifudi kwenye shimo lile, mbele ya shangazi yangu, nikasukuma kalamu chini ya chungu mpaka vidole vikaishia. Tik. Sauti ileile.

"Na Daktari je?" nilisema, uso ungali chini. "Wanamwita Mama Mashimo. Huu ni mwaka wake wa mwisho."

Shangazi alikomba mchuzi wa mwisho kwa kidole.

"Huyo ndiye utakayemtazama usoni ukisema," alisema mwishowe. "Usinitazame mimi."

Nilikuwa nataka kumwomba muda. Nilikuwa nimeshapanga usiku mzima wa kuyapima maneno, nichague la mbele na la nyuma, nitafute namna ya kusema ukweli ambayo ingenibakizia heshima kidogo.

Honi ikalia barabarani.

Halafu ikalia nyingine. Milango ya magari ikafungwa, mmoja baada ya mwingine, na sauti ya Kamba ikaja inapasuka kutoka jikoni: "Malenga, chana nywele. Wageni wamewahi. Hawalali huku, wanataka chungu kiinuliwe sasa hivi warudi zao."

Nikamsikia Daktari akiwakaribisha, sauti yake imepanda juu kama ya msichana. "Huku, tafadhali, inameni kidogo, kuna kamba. Aliyekikuta yupo hapohapo shimoni. Ni mshairi."

Viatu vikaanza kusaga kokoto.

Niliutazama upenyo. Vidole viwili, pumzi moja, na kalamu ingekuwa mfukoni kabla hawajafika ukingoni. Mkono wangu, bila kuniuliza, ulishaanza kwenda.

Shangazi hakusogea. Alikuwa ameishika sahani tupu kwa mikono yote miwili.

"Niahidi, baba," alisema kwa sauti ya chini.

Nikauvuta mkono. Nikasimama wima katikati ya shimo langu, udongo kifuani, masizi kidevuni, sikio tupu, na viatu vya kwanza vya wageni vikatokea ukingoni juu ya kichwa changu.

"Naahidi, shangazi," nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka juu. "Nitasema kabla hawajakigusa. Na sitatumia kina hata kimoja."